Sura ya Tano: Gitogo Hakusikia

Askari alimwambia simama. Gitogo hakusimama. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari nchini Kenya, msako umeingia Limuru, watu wanatimua mbio, naye alikimbia kwa kuwa aliona wenzake wanakimbia. Amri ilitoka nyuma yake. Laiti wangekuwa uso kwa uso, pengine angeielewa midomo ya yule askari, au mtutu wa bunduki, ambao hauhitaji masikio. Alipigwa risasi ya mgongo, akafa. Gitogo alikuwa kiziwi.

Alikuwa na mdogo wake, wa baba mmoja mama mbalimbali, mtoto aliyependa shule kupita kiasi. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1967 alipotoa riwaya yake ya tatu, A Grain of Wheat, aliwachukua watu wa kwao akawapa majina mengine na sura nyingine, akawachanganya, huyu akapewa kazi ya yule na yule akabebeshwa kosa la huyu. Kiziwi alibaki na jina lake. Katika riwaya Gitogo ni kijana mwenye nguvu anayefanya kazi mjini na kumtunza mama yake mzee. Siku ya msako anakimbilia nyumbani kwa mama, na njiani anauawa kwa amri asiyoisikia.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na kila mara hunishangaza kwa ufupi wake. Hakuna kilio wala hotuba. Mwandishi mchanga angelitengea kurasa kumi, na angekuwa na haki, maana ni damu yake. Ngũgĩ alilitengea kama ukurasa mmoja, akaendelea na safari. Nadhani siri ya maisha yake ya uandishi imo katika ufupi huo, na ili tuione lazima turudi nyumbani kwa Mzee Thiong'o.

Ngũgĩ alizaliwa tarehe 5 Januari 1938 Kamirithu, Limuru. Baba alikuwa na wake wanne na watoto 24. Mama yake, Wanjikũ, alikuwa mke wa tatu. Jioni watoto walikusanyika katika nyumba ya mke mkubwa kusikiliza hadithi, na kwa maelezo yake mwenyewe hapo ndipo alipojua kwanza kwamba maneno yanaweza kumtoa mtu alipo. Mchana hadithi zilipotea. Zilirudi usiku tu.

Kisha likaja suala la shamba. Mzee Thiong'o alikuwa amenunua ardhi kwa desturi, kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi. Aliyemuuzia akaiuza mara ya pili kwa mtu mwingine, safari hii kwa maandishi. Kesi ilipofika mahakamani, karatasi iliwashinda mashahidi. Hebu tafakari jambo hilo kwa macho ya mtoto. Baba yako anasema kweli, wazee wanasema kweli, kila mtu kijijini anajua kweli, na karatasi moja inawafanya wote waongo. Watu hupenda kueleza mapenzi ya Ngũgĩ kwa vitabu kwa kutaja Agano la Kale alilolisoma utotoni mpaka likachakaa. Sikatai. Ila nadhani nguvu ya maandishi aliijua pia kwa upande wake mbaya, kwa kuyaona yakimpokonya baba yake ardhi.

Mifugo ya mzee nayo ikafa kwa maradhi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi na neno linalosikika akabaki na pombe na hasira, na hasira ikawaangukia wake zake. Wanjikũ alipigwa mpaka akakimbilia kwa baba yake. Haukupita muda mrefu, Ngũgĩ na mdogo wake wakicheza na ndugu zao uani, baba aliwaita akawaambia wamfuate mama yao. Wakaenda. Mwandishi mzima, mwenye shahada za heshima kutoka pande zote za dunia, ilimbidi asubiri miaka mingi ndipo akaweza kuiandika siku hiyo kwa nafsi ya kwanza.

Mama ndiye aliyemtia shuleni, mwaka 1947. Hakujua kusoma wala kuandika, na ada aliilipa kwa jasho la shamba. Aliweka masharti: mtoto asije akamwaibisha kwa kuacha masomo siku atakapokosa chakula cha mchana, maana kukosa kutakuwepo. Halafu kila mtoto alipoleta alama nyumbani, mama aliuliza kama hapo ndipo uwezo wake ulipofikia. Hata akipata kumi kwa kumi, swali lilikuwa lile lile. Mimi huliona swali hilo katika kila kitabu cha Ngũgĩ, na sijui mhariri gani duniani aliyewahi kuuliza zuri zaidi.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1954 Ngũgĩ, akitoka shule na njaa yake, alipita madukani Limuru akakuta watu wamesimama vikundi vikundi wakisimuliana kwa msisimko kisa cha mtu aliyekamatwa na risasi, akaruka kutoka kwenye gari la polisi, akatoweka huku akimiminiwa risasi. Kilikuwa kisa kitamu. Kila msimulizi alikiongezea chumvi yake, na kijana aliondoka ametosheka kama aliyekula. Alipofika nyumbani akakuta kimya. Mtu wa kile kisa alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Wallace Mwangi, seremala. Alikuwa ameingia msituni kwa Mau Mau, wapiganaji wa kupinga ukoloni.

Ningekuwa nafundisha uandishi kwa siku moja tu, ningefundisha jioni hiyo. Kisa kile kile kilikuwa burudani sokoni na msiba nyumbani, na umbali kati ya mahali hapo pawili ni mwendo wa miguu tu. Ajabu ni kwamba Ngũgĩ hakuuchagua upande mmoja akautupa mwingine. Riwaya zake zina ule utamu wa sokoni, tetesi, chumvi, vicheko vya watu wasiojua, na chini yake kuna mama anayepakua chakula bila kusema neno.

Kwa sababu ya Wallace, mama alikamatwa akafungiwa miezi mitatu katika kituo cha homgadi, walinzi wa upande wa serikali, cha Kamirithu, akateswa. Ndugu wengine wa nyumba ile ile walikuwa upande wa serikali. Kwa hiyo kijana hakuwa na anasa ya kuamini kwamba maadui ni watu wa mbali. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na mtihani wa kuingia sekondari. Usiku, kabla ya mtihani huo, kaka alitoka msituni kwa siri, akahatarisha shingo yake, akaja kumtakia mdogo wake heri. Akarudi alikotoka.

Ngũgĩ alifaulu, akachaguliwa kwenda Alliance, shule iliyokuwa na jina kuliko zote kwa Waafrika wa Kenya. Januari 1955 alifika stesheni ya Limuru akakataliwa kupanda treni ya abiria kwa kuwa hakuwa na kibali cha kusafiri. Ikabidi asaidiwe kusafirishwa kwa treni ya mizigo. Muhula ulipokwisha alirudi nyumbani na sanduku lake, akapanda kilima, akatazama bonde, na hakukuwa na kijiji. Ua wa miti walioupanda ulikuwepo. Nyuma ya ua hapakuwa na nyumba ila vifusi vya udongo uliokauka, vipande vya mbao na nyasi. Alipouliza aliambiwa watu wote wamehamishwa.

Hakikuwa kijiji chake peke yake. Katika miaka ya 1954 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikawaweka katika vijiji vya kulindwa zaidi ya 800 vyenye mahandaki, nyaya na homgadi mlangoni, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula na habari. Lakini mtu hahamishwi kama sehemu ya milioni. Huyu alisimama kilimani na sanduku mkononi akitafuta mlango wa mama yake.

Sasa twende kwenye vitabu. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, Weep Not, Child, ilitoka 1964 kwa jina la James Ngugi, naye ana miaka 26. Wengi tuliisoma kama Usilie Mpenzi Wangu. Inaanza na mama anayemuuliza mwanawe Njoroge kama angependa kwenda shule, na mpaka hapo unaweza kudhani ni tawasifu. Kuna kaka msituni, kuna baba aliyepoteza ardhi, kuna shule yenye jina. Ila mwandishi alibadilisha jambo moja, na ndilo linalonivutia. Njoroge hamalizi shule. Anaondolewa darasani, anateswa, baba yake anakufa, na mwisho anatwaa kamba kwenda kujinyonga, mama akamfuata gizani akimwita.

Ngũgĩ mwenyewe alimaliza. Wakati mama anahojiwa na kaka anawindwa, yeye alikuwa bwenini Alliance, amevaa sare, anasoma Shakespeare. Aliponusurika yeye, ndugu zake hawakunusurika hivyo. Naamini alimpa Njoroge kile ambacho kilimkosa yeye kwa unywele, kama mtu anayelipa deni kwa mkono wa mwingine. Mara nyingi mwandishi haandiki lililompata. Huandika lililompita likampata wa pembeni yake.

Miaka mitatu baadaye likaja swali gumu zaidi. Weep Not, Child ni kitabu cha mtoto anayelia ingawa kichwa kinamkataza. A Grain of Wheat kinauliza nani alimsaliti nani, na kwa nini. Mugo, mtu anayedhaniwa shujaa, anasimama siku ya sherehe za Uhuru, Desemba 1963, na kukiri kwamba ndiye aliyemuuza mpiganaji Kihika kwa Mzungu. Gikonyo ni seremala, kama Wallace, na amerudi kutoka kizuizini akakuta mke amezaa na mtu wa upande wa serikali. Hakuna mtu safi humo. Gitogo peke yake ndiye asiye na hatia, ndiyo maana kifo chake ni kifupi: hakina la kuuliza. Maswali yamebaki kwa walio hai, na huko ndiko riwaya inakokwenda.

Utafiti nao unaligusa jambo hili. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walitoa matokeo ya jaribio ambalo sasa linatajwa kila mahali. Waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, wengine kuhusu jambo la kuwaumiza sana, wengine kuhusu mambo ya kawaida. Miezi iliyofuata, walioandika maumivu pamoja na undani wake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Habari hiyo huishia hapo katika mabango ya warsha: andika upone. Kilichofuata hutajwa kwa nadra. Pennebaker aliporudi kuchunguza maandishi yenyewe, aliona waliofaidika zaidi ni wale ambao maneno ya sababu na ya uelewa, kama "kwa kuwa" na "naelewa", yaliongezeka siku hadi siku. Kurudia kilio kile kile hakukuwasaidia sana. Ngũgĩ hakuhitaji kusubiri maabara. Kati ya 1964 na 1967 alikuwa ametoka kwenye "nini" akaingia kwenye "kwa nini".

Jeraha la lugha nalo lilichukua muda kupata "kwa nini" yake. Serikali ilipozitwaa shule za wazalendo wakati wa Hali ya Hatari, mtoto aliyekutwa akisema Kikuyu alichapwa viboko au kuvishwa kibao shingoni chenye maneno ya kumdhalilisha. Aliyevishwa alimtafuta mwenzake wa kumbambikia. Watoto walifundishwa uchongezi kwa kutumia lugha ya mama zao. Wasomaji wangu wa Kenya wenye umri fulani hawahitaji maelezo. Kibao hicho wengine wamekivaa hata baada ya Uhuru. Ngũgĩ alikiandika katika Decolonising the Mind mwaka 1986, lakini jibu lake alikuwa ameshalitoa kwa vitendo, Kamirithu.

Mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili ni Nitaolewa Nikipenda. Wakulima na vibarua wa Kamirithu walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakausahihisha mswada, wakaucheza. Tukumbuke Kamirithu hiyo ni ipi: ni kijiji kilichoundwa upya na ule uhamisho wa 1955. Mwandishi alirudi eneo lile lile ambako kijana alikosa mlango wa mama, akajenga. Serikali, ya Uhuru safari hii, ilifuta kibali cha mchezo, na mwishoni mwa mwaka huo ikamkamata. Alikaa gereza la Kamiti bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978, akaandika riwaya nzima ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwenye karatasi za choo. Mwaka 1982 polisi walikwenda Kamirithu wakalibomoa lile jukwaa. Kifusi cha pili.

Alipokuwa mvulana, rafiki yake alimwambia kwamba mtu haandiki kitabu bila leseni, akiandika atafungwa. Wakabishana sana. Ngũgĩ alisema haiwezekani.

Si kila mwandishi hulirudia jeraha lake upesi kama Ngũgĩ. Abdulrazak Gurnah alikuwa na miaka 15 Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964. Aliondoka kwenda Uingereza kabla miaka hiyo ya 60 haijaisha, na riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, haikutoka mpaka 1987. Karibu miaka ishirini ya kunyamaza. Na hata alipoanza, katika kitabu baada ya kitabu watu wake husimulia nusu, hukatiza, hujificha, hugeuza mazungumzo. Tuzo ya Nobel ilimkuta 2021 akiwa bado anaizunguka bandari ile ile. Ngũgĩ alikwenda haraka na kwa ukali, Gurnah pole pole na kwa kando. Ukiniuliza nani amelisogelea jeraha zaidi, sitakujibu, maana leo naona huyu na kesho yule.

Inabaki habari ngumu, na ningeweza kuiruka nikamaliza sura kwa heshima. Machi 2024 Mũkoma wa Ngũgĩ, mwana wa mwandishi, ambaye naye ni mwandishi na profesa wa fasihi, aliandika hadharani kwamba baba yake alikuwa akimpiga mama yake, marehemu Nyambura. Alisema miongoni mwa kumbukumbu zake za mwanzo kabisa ni kwenda kumtembelea mama kwa bibi, alikokuwa amekimbilia. Sikuwamo katika nyumba hiyo na siwezi kuwa hakimu wake. Lakini aliyesoma kumbukumbu za utoto za Ngũgĩ atashindwa kutoiona picha ile: mama aliyepigwa, nyumba ya wazazi wake, mtoto njiani anamfuata.

Vijana wa warsha huniuliza kama ni lazima mtu awe ameteseka ndipo aandike vizuri. Wengine huuliza kwa woga, kwamba utoto wao ulikuwa wa amani mno. Huwajibu kwamba vijiji zaidi ya 800 vilijaa watoto walioteseka kama Ngũgĩ na zaidi, na wengi hawakuandika hata barua. Maumivu yalikuwa ya wote. Yeye alikuwa na mama aliyeuliza swali, kaka aliyetoka msituni usiku, shule, miaka, na ukaidi wa kuuliza kwa nini mahali ambapo wengine, kwa haki yao, walichagua kusahau. Na baada ya habari ya Mũkoma naongeza: kuuliza "kwa nini" kuhusu mkoloni, homgadi na serikali ni rahisi kuliko kuuliza kuhusu mkono wa baba yako, na kuhusu wako. Kalamu ya Ngũgĩ ilifika mbali sana. Huko, kwa ninavyomsoma mimi, haikufika.

Kumbukumbu zake za utoto, Dreams in a Time of War, zilitoka 2010, akiwa na miaka 72. Humo ndimo alimoeleza kwa urefu, bila pazia la riwaya, habari ya baba, kesi ya shamba, usiku wa Wallace na kifo cha kaka yake kiziwi. Alifariki tarehe 28 Mei 2025 jimboni Georgia, Marekani, akiwa na miaka 87.

Ukipata A Grain of Wheat, Gitogo yumo katika sura ya kwanza, Mugo anapopita karibu na kibanda cha yule mama mzee. Atakupita upesi, kama ukurasa mmoja hivi. Mrudie.